Kibonye cha Sindano

Mke, fundi cherehani, ndiye aliyesikia kwanza. Alikuwa ameingia ukumbini kwa mlango wa nyuma, pazia jipya la jukwaa begani, zito kama mtu aliyezimia, na mumewe akimfuata ameshika ncha ya pili ili isifagie sakafu. Jukwaani piano ilikuwa inalia. Ulikuwa wimbo wa soul wa taratibu, ule ambao mumewe alifungia nao kazi kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa. Fundi cherehani akatabasamu. Akasema moyoni, mzee wangu leo ana raha. Alipiga hatua mbili zaidi ndipo alipokumbuka kwamba mzee wake yuko nyuma yake na pazia mkononi.

Akasimama. Mpigaji akaupandisha wimbo polepole mpaka pale unapokaza, akagusa kibonye cha juu upande wa kulia, na pamoja na ile noti ikatoka sauti ya mtu, ya chini, ya kooni.

"Mmh."

Miaka thelathini na mmoja alikuwa amelala kitanda kimoja na mguno ule. Alikuwa ameusikia mezani, ameusikia msibani, ameusikia kila mume wake alipofika kwenye noti aipendayo. Akageuka kumtazama. Mdomo wa mzee ulikuwa umefumbwa.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi," mzee akasema. Ncha ya pazia ikamponyoka, ikaanguka chini.

Jukwaani hapakuwa na piano. Palikuwa na kinanda chembamba cha plastiki, kimekaa juu ya miguu ya chuma kama ubao wa kupigia pasi, na waya ukitoka ndani yake kwenda kwenye kompyuta. Mwanamume mwenye kofia, makamo hivi, alikuwa ameketi mbele yake huku anatafuna bigijii. Ngoma zilipigwa na kompyuta. Tarumbeta zilipigwa na kompyuta. Piano, iliyolia vilevile kama ile iliyokuwa nyumbani kwao imefunikwa shuka, ilipigwa na kile kibao, na mwenye kofia alipokirudia kibonye cha juu mzee aliguna tena, palepale, vilevile, bila kuombwa.

Meneja wa ukumbi alitokea pembeni akipangusa mikono. Alikuwa mtu wa kucheka kabla ya kusalimia.

"Aa, Mzee Vidole! Nilikuwa nakutafuta mimi."

Watu wote wanaomkimbia mtu husema hivyohivyo. Mzee akampa mkono. Mkewe hakumpa.

"Bosi," mzee akasema kwa upole, "uliniambia ukumbi unapakwa rangi."

"Si unaona rangi?"

"Naona. Na yule?"

"Yule tunajaribu mtambo. Mambo ya kisasa, mzee wangu. Mtu mmoja, bendi nzima. Haugui, hagombani na mpiga gitaa, hakatai wimbo." Akacheka peke yake. "Na sauti ni yako! Hilo ndilo nililotaka ujivunie. Kumbuka uliweka sahihi."

"Niliambiwa mnarekodi kwa kumbukumbu."

"Na hii si kumbukumbu? Hata ukifa leo, Mungu apishe mbali, wewe upo."

Fundi cherehani alihisi damu inampanda mpaka kwenye masikio. "Yupo wapi?" akauliza. "Mbona mimi namwona hapa, amesimama, hata kiti hajapewa?"

"Mama, hayo ni mambo ya ukumbi. Hebu tuone pazia letu." Meneja akaokota ile ncha iliyoanguka, akaipapasa kama mtu anayenunua, akaupima kwa macho ule mpasuko wa katikati alioagiza mwenyewe, wa kupitisha nyaya. "Mpasuko uko sawa. Ila hapa pindo naona limepinda."

Halikupinda. Alikuwa amelishona mara mbili na kulipiga pasi, na meneja hakujua pindo ni nini isipokuwa kwamba fundi hulipwa taratibu zaidi akitiwa dosari. Siku nyingine angenyamaza. Siku hiyo alilikunja pazia lote kwa mikono miwili, akalitupa begani.

"Kama limepinda nitakwenda kulirudia," akasema. Akatoka nalo. Mlinzi wa mlangoni, aliyezoea kumwita mzee shemeji, aliangalia viatu vyake mpaka walipopita.

*

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa na kabati. Huku kitanda, huku kazi. Upande wa kazi, cherehani ya miguu ilikaa dirishani na piano ya umeme ilikaa ukutani, na kati yao palibaki nafasi ya mtu mmoja kupita kiubavu. Piano ile usipoitia umeme ilinong'ona tu. Ndani yake kulikuwa na vijiti vya chuma sabini na vitatu, vimejipanga kama meno ya kitana, kila kimoja na nyundo yake ndogo ya kukigonga. Ukiitia umeme, mnong'ono ule uliingia kwenye spika kuukuu iliyokuwa chini, ukatoka umenenepa.

Kijiti cha kibonye cha juu kilivunjika zamani. Vipuri havikupatikana kwa dawa. Mzee alizunguka mafundi wote wa redio akarudi mikono mitupu, ndipo mkewe alipochomoa sindano yake ya chuma ya kufumia masweta akampa. Mzee aliikata kwa msumeno, akaipiga tupa wiki nzima, akaizungushia waya kidogo nchani mpaka ikakubali noti. Haikulia kama wenzake. Ilianza kwa mkwaruzo, kisha ikajaa, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo la kweli. Spika nayo ilipopasuka, mke ndiye aliyeiziba kwa kipande cha hariri kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi. Watu walikwenda ukumbini kusikia sauti ile, wakasema Vidole ana kipaji. Alikuwa nacho. Lakini nusu ya kipaji ilitoka kwenye kikapu cha nyuzi.

Sasa alikuwa ameketi mbele ya piano, shuka haijaondolewa.

"Sema neno," mkewe akamwambia.

"Niseme nini, mama?"

"Tukana, hata tusi dogo. Mimi nitakusaidia kubwa."

"Tukimkasirisha bosi ndiyo hatatufungulia mlango tena."

"Mlango upi? Mlango amekufungia na wewe uko ndani! Yule mwenye kofia anakupapasa tumboni, wewe unaguna!"

Mzee akainamisha kichwa. Na hapo hasira ya mkewe ilimgeukia yeye mwenyewe, kwa sababu alikumbuka zile siku mbili za kurekodi.

Fundi wa sauti, aliyetumwa na ukumbi, alikuwa amekuja nyumbani na masanduku yake, mtu mstaarabu, hedifoni shingoni, akaomba vibonye vipigwe kimoja kimoja. Kwanza kwa upole. Kisha kwa kiasi. Kisha kwa nguvu. Kila noti iachwe ife yenyewe, hata ikichukua nusu dakika. Aliweka maikrofoni mbele ya spika, akasema sauti ya waya mtupu haina roho, anataka sauti ya ile hariri. Mzee alifurahi kuliko siku ya harusi ya binti yake. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwomba apige noti moja tu na kuisikiliza mpaka mwisho. Akadhani ndiyo heshima yenyewe. Akapiga vibonye vyote sabini na vitatu kama anayemtambulisha mgeni kwa wanawe, na alipofika kwenye sindano akaguna, maana hakujua kuipiga bila kuguna.

Na yeye, fundi cherehani, alifanya nini? Alisimamisha cherehani siku mbili nzima, sare za shule zikilala zimekatwa. Alikaa mlangoni akiwafukuza wanaobisha. Akaenda mpaka kwa jirani yao, fundi bati, akamwomba kwa jina la ujirani asipige nyundo, na fundi bati akakaa siku mbili juu ya masanduku yake akicheza bao na mkewe. Yeye mwenyewe alitoa hata saa ya ukutani akaifunga ndani ya blanketi.

"Kumbe tulinyamaza ili watuibie vizuri," akasema.

Binti yao alipitia jioni akitoka ofisini, alikokuwa karani. Akaomba ile karatasi. Mama yake akaitoa chini ya godoro. Binti akaisoma amesimama, mkoba bado begani, na kadiri alivyoshuka ndivyo sauti yake ilivyopungua.

"Baba, uliisoma?"

"Nilisoma juu. Juu waliandika heshima na taadhima."

"Chini wameandika sauti zote za ala hii ni mali ya ukumbi, kwa matumizi yoyote, bila kikomo." Akaikunja. "Na posho ya siku mbili."

"Posho walitoa," mzee akasema haraka, kana kwamba kuna mtu aliyewashuku waungwana wale.

"Baba!"

"Usimpigie baba yako kelele," mama akafoka, ingawa dakika ile ile alikuwa anampigia yeye. "Kwani mimi sikuwepo? Mimi ndiye niliyemwambia saini, watu wasije wakabadili mawazo."

Hakuna aliyekula vizuri. Baadaye mzee alisema, bila kumwangalia mtu, kwamba hataki kesi wala maneno. Anataka kurudi kupiga. Hata siku moja kwa wiki. Hata mchana, watu wakiwa wachache. Mkewe alimsikia, na hasira ikampanda zaidi. Mtu anayeomba kazi yake mwenyewe utamwambia nini?

*

Siku ya tatu asubuhi walibisha hodi wenyewe: meneja mbele, fundi wa sauti nyuma na masanduku yake. Meneja alikuwa ameleta matunda kwenye mfuko. Fundi cherehani alipouona ule mfuko akajua kuna kitu wanakitaka.

"Karibuni," mzee akasema, akiondoa vitambaa kwenye kiti. Akawapa kiti kimoja na kigoda. Yeye akabaki amesimama nyumbani kwake.

"Mzee, tuna tatizo dogo mno," meneja akaanza. "Dogo kama punje."

Fundi wa sauti hakupenda kuzunguka. "Kibonye cha juu. Kile kimoja kina mguno wako ndani, mzee. Kosa langu, sikusikia siku ile. Jana tulialika wageni wachache kuonja mtambo. Kila kikiguswa wanacheka. Nimejaribu kufuta mguno, noti inakufa. Nimejaribu kuvuta sauti ya kibonye cha jirani, haifanani."

"Haiwezi kufanana," fundi cherehani akasema kutoka dirishani. "Ile ni sindano yangu."

Meneja akacheka. "Basi mama naye ni mwanamuziki! Tunaomba noti moja tu. Dakika tano. Bila mguno."

Mzee alikuwa tayari amekwenda kutoa shuka. Mkewe aliiona haraka yake.

"Nikiipiga," mzee akasema, "nitarudi?"

"Hilo ndilo lililonileta! Jumamosi tunafungua. Nakutaka jukwaani, katikati kabisa, wewe na piano yako hii hii."

Mzee alifumba macho. Kwa kweli uso wake ulikuwa mdogo ghafla, wa kijana. Fundi cherehani naye, Mungu amsamehe, moyo ulimruka. Akaanza kumfikiria meneja vizuri. Akaangalia hata pazia lililokunjwa kwenye kikapu, akajuta kulirudisha nyumbani.

"Nitahitaji kuifunga spika mapema," mzee akasema. "Spika hii haipendi haraka."

Meneja na fundi wa sauti wakatazamana.

"Spika haitahitajika, mzee wangu."

"Sasa itasikikaje?"

"Wewe hutakuwa na umeme. Yaani, utakuwepo, utapiga, vidole vitaonekana, watu wamekuzoea bwana, wanataka kuiona hii mikono. Ila sauti itatoka kwa mwenzako. Atakuwa nyuma kidogo."

"Nyuma wapi?" fundi cherehani akauliza.

Meneja hakujibu, lakini macho yake yalimponyoka. Yalikwenda kwenye kikapu.

Hapo akaelewa. Mita kumi na mbili za kitambaa cheusi, kizito, chenye bitana, kisichopitisha taa. Mpasuko katikati, na meneja aliuagiza kwa kipimo: kimo cha mtu aliyeketi. Nyaya gani zinazopita kwenye kimo cha macho ya mtu? Ulikuwa dirisha la kuchungulia. Mwenye kofia angekaa nyuma ya pazia, amwangalie mume wake mikono anavyoipeleka, apige. Na mume wake angekaa mbele ya watu, vidole vikicheza juu ya vibonye vilivyokufa, kama mwendawazimu, huku sauti yake imefungiwa kwenye sanduku la mtu mwingine. Noti wamechukua. Uso wanauchukua. Na pazia la kumfichia mwizi amelishona yeye, kwa mikono yake, kwa bei ya kujuana.

"Fikiria, mzee," meneja alikuwa anasema. "Huchoki. Hukosei."

Mzee alikuwa ameketi mbele ya piano. Aliangalia mikono yake, juu na chini, kama aliyekabidhiwa sasa hivi. Fundi wa sauti, ambaye alijua kimya cha watu kuliko maneno yao, aliona aibu, na kwa aibu akaharakisha: akatega maikrofoni, akavaa hedifoni, akainua kidole juu.

"Tunaomba kimya tafadhali."

Fundi cherehani akavuta pazia kutoka kikapuni. Akalifungua mpaka penye mpasuko, akauweka chini ya sindano, akashusha mguu wa cherehani, akakanyaga.

Cherehani ya miguu si kitu cha mchezo ikikanyagwa na mtu mwenye hasira. Chumba kilijaa. Glasi zilitetemeka kabatini. Fundi wa sauti akavua hedifoni haraka kama zimemuunguza.

"Mama, samahani, kimya!"

"Nilikwisha kitoa," akasema bila kuinua kichwa. "Siku mbili. Kimeisha." Akafika mwisho wa mpasuko, akageuza kitambaa, akarudi nacho. Kisha akaegemea dirisha, akaita kwa sauti ambayo mtaa mzima uliijua:

"Fundi bati! Wee fundi bati!"

"Naam, shemeji!"

"Leo hujaombwa kunyamaza! Piga!"

"Nipige?"

"Piga, ndugu yangu, piga!"

Fundi bati hakuuliza sababu. Alikuwa na deni la siku mbili za nyundo. Akapiga.

Meneja alisimama, mfuko wa matunda ukaanguka. "Mzee! Mwambie mkeo. Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii, au nimekosea hodi?"

Mzee Vidole akaufuata waya wa piano mpaka ukutani. Akainama, akachomeka plagi, akangoja taa nyekundu ya spika iwake. Fundi wa sauti, kwa mazoea tu, akarudisha hedifoni masikioni. Mzee akainua kidole kimoja, akakishusha juu ya sindano kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na kabla noti haijamaliza kukwaruza, aliguna. Hakuguna kwa kusahau. Aliguna kwa kifua kizima, macho makavu kwa meneja: "Mmh!" Akangoja noti ife. Akapiga tena. "Mmh!" Akapiga tena.

"Huyo ndiye mwanamume wa nyumba hii," akasema. "Mchukueni mkitaka. Haji bila mguno huo."

"Utajuta," meneja akasema, na sasa hakuwa anacheka hata kidogo. "Mlango wa ukumbi hautafunguka tena. Nikisema mimi, hakuna ukumbi utakaokuchukua mji huu."

"Najua," mzee akajibu. Na alijua kweli. Rangi ilikuwa imemtoka midomoni.

Fundi wa sauti alikuwa amekwisha kukunja nyaya zake. Alipopita kiubavu kati ya piano na cherehani alisema kwa sauti ya chini, "Ilikuwa noti nzuri kuliko zote," na fundi cherehani akamjibu kwamba sifa zake azipeleke alikopeleka zile sabini na mbili. Akamkabidhi meneja pazia lake mlangoni, limekunjwa vizuri, mpasuko umefungwa kwa mishono minne ya uzi wa turubai.

"Pindo nimelirudia," akasema.

*

Jumamosi ukumbi ulifunguliwa. Binti alipita pale saa kumi na mbili jioni akitoka kazini, akasimama nje penye madirisha, kisha akaja moja kwa moja nyumbani. Mama yake alikuwa kwenye sare za shule. Sasa zilikuwa nyingi, maana kila senti ya nyumba ile ilikuwa inapita chini ya sindano yake. Baba yake alikuwa amekaa mbele ya piano, mikono mapajani. Alikuwa hivyo tangu alipoamka.

"Wamefungua kwa ule wimbo wako, baba," binti akasema. "Ule wa kufungia."

Mzee akainua mikono kutoka mapajani.

"Na kile kibonye?" mama akauliza.

"Wamekiacha. Bila hicho wimbo umekatika. Kilipoguswa baba aliguna, ukumbi mzima ukasikia."

"Wakacheka?"

"Wachache. Hawa wapya. Wale wa zamani hawakucheka, mama. Waligeuza vichwa huku na huku, wengine wakasimama kabisa. Walikuwa wanamtafuta."

Mzee akaweka kidole juu ya kibonye cha sindano. Hakukibonyeza. Mkewe aliuangalia mgongo wake, akatamani kwenda kuuvunja ule ukumbi kwa mkasi, tofali kwa tofali.

"Waache wamtafute," akasema, akakanyaga cherehani.